Hesabu miguu kabla ya magari: mwongozo wa kupanga usafiri wa shehia kisiwani Pemba

Mpango wa usafiri wa kijijini mara nyingi huanza kwa kuhesabu magari. Mtu huwekwa kando ya lami, tuseme njia panda ya Mtambile au Konde, akaandika kila gari, vespa, bodaboda na gari ya ng'ombe inayopita tangu asubuhi hadi jioni. Hesabu yake huwa sahihi. Ila aliyetoka bondeni na dumu la maji kichwani, au pwani na polo (gunia) la mwani mbichi, hakufika kwenye lami ile, kwa hiyo hakuandikwa. Na asiyeandikwa hatengewi fedha. Ndivyo shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar, chini ya sheha, inavyopata kilomita mbili za kifusi huku kivuko cha kwenda kisimani kikibaki gogo la mnazi.

Jambo hili si geni. Uchunguzi uliofanywa wilayani Makete, Tanzania Bara, katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani ulionesha kwamba sehemu kubwa ya muda na mzigo wa usafiri wa kijijini ni safari za miguu za karibu: maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Na wabebaji wakubwa ni wanawake. Pemba ina vilima, mabonde ya mpunga na pwani iliyokatikakatika kwa hori ndogo za bahari, kwa hiyo safari hizo fupi ni nzito kuliko zinavyoonekana kwenye ramani.

Maelezo haya ni ya kamati ya shehia, mratibu wa wanawake na watoto wa shehia, diwani, au fundi wa halmashauri anayeandaa maombi ya mradi. Tuseme wazi tangu mwanzo: idadi ya wanawake waliohudhuria kikao si kipimo cha usawa. Wanawake 40 wanaweza kukaa nyuma ya ukumbi, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakaondoka bila safari yao hata moja kuandikwa. Kipimo ni jedwali la safari, na baadaye ni fedha zimekwenda njia gani.

1. Chagua siku kwa kuangalia mwezi na msimu

Kikao au hesabu ikifanywa wakati wa bamvu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), wakulima wa mwani hawapo. Siku hizo maji hukauka sana kati ya asubuhi na adhuhuri, nao wako baharini wakifunga mbegu na kuvuna. Vikao viwekwe wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, yaani kama tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Hesabu ya safari, kinyume chake, ifanywe mara mbili: siku moja ya bamvu na siku moja ya maji mafu. Anayehesabu maji mafu tu atapata picha ya wanawake wanaokaa nyumbani, na picha hiyo ni ya uongo.

Kikao kianze saa 10 alasiri, baada ya sala, kiishe mapema kabla ya magharibi. Ijumaa mchana iachwe. Ramadhani isitumike kwa hesabu kabisa, maana safari zote hubadilika saa. Msimu wa karafuu uhesabiwe peke yake kama shehia ina mikarafuu mingi: waokotaji na wachambuaji, ambao wengi ni wanawake na watoto, hutembea saa na njia ambazo miezi mingine hazina mtu. Na angalau siku moja ya hesabu iangukie masika, Machi hadi Mei, wakati udongo mwekundu umeteleza.

2. Daftari la safari

Kwa shehia yenye kaya 300 hadi 500, kaya 40 zinatosha kuonesha sura. Chukua nyumba moja katika kila kumi, ukihakikisha vitongoji vya mwisho vimo. Kwa kawaida vilivyo mbali na nyumba ya sheha ndivyo vinavyosahauliwa, na ndivyo vyenye njia mbaya. Katika kila kaya uliza watu watatu, kila mmoja peke yake: mwanamke mkubwa, mwanamume mkubwa, na msichana au mvulana wa umri wa skuli. Wanaume wasiachwe, kwa sababu bila safari zao hakuna cha kulinganisha.

Mwanamke aulizwe na mwanamke. Mumewe akiwapo ndiye atakayejibu, tena atajibu kwa nia njema: "huyu haendi popote, yuko nyumbani tu."

Usiulize "mna tatizo gani la usafiri?" Jibu litakuwa barabara au gari, kwa kuwa watu wanaomba kile wanachojua serikali hutoa. Uliza jana:

- Bibi, jana ulipoamka, mahali pa mwanzo kwenda ni wapi? Kisha wapi, mpaka ulipolala?
- Ukienda ulibeba nini, na ukirudi je? Mtoto mgongoni alikuwapo?
- Ulifuatana na nani? Ungekwenda peke yako?
- Kuna mahali ulisimama, ukateleza, ukavua viatu, au ukaomba mtu akutue mzigo?
- Kuna safari uliyotaka kwenda ukaacha? Kwa nini?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote na ndilo linalorukwa. Mwanamke aliyeacha kliniki kwa sababu gari ya mwisho hurudi mapema, au msichana aliyeacha mkondo wa mchana wa skuli kwa kuwa njia ina kichaka, haonekani katika hesabu yoyote ya wapitao.

Safu za daftari ni nane: jinsia, umri, wapi, saa ya kuondoka, dakika za kwenda na kurudi, chombo (au miguu), mzigo kwa kilo, mara ngapi kwa wiki. Mzigo upimwe, usikisiwe. Mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa mwani inatosha. Dumu la lita 20 ni kilo 20, hilo halina haja ya mizani. Polo la mwani mbichi ndilo hutofautiana sana.

3. Kilo kwa kilomita

Ili safari za aina tofauti ziwekwe kwenye mizani moja, zidisha kilo kwa kilomita kwa idadi ya safari. Mfano wa kufundishia: kisima kiko mita 800, mama anabeba dumu moja la lita 20 mara nne kwa siku. Kilo 20 × kilomita 0.8 × 4 ni 64 kwa siku, na kwa siku 30 ni 1,920. Mumewe anapeleka gunia la kilo 90 Chake Chake, kilomita 12, mara mbili kwa mwezi: 90 × 12 × 2 ni 2,160. Ukiziweka hivyo zinakaribiana. Lakini la pili limo ndani ya gari na la kwanza limo shingoni. Kwa hiyo jumla ziwe mbili, mzigo wa kichwa na mzigo wa chombo, kila moja kwa wanawake na kwa wanaume, na zisichanganywe kamwe. Kamati nyingi huzichanganya, kisha zinashangaa kwa nini jedwali halisemi kitu.

4. Tembea njia, ukiongozwa na wanaoitumia

Chukua njia tano zenye jumla kubwa zaidi ya mzigo wa kichwa. Mhandisi, sheha na wajumbe wazipite pamoja na wanawake watatu au wanne wa umri tofauti, akiwemo mjamzito kama yuko tayari na mzee kama anaweza. Wabebe mizigo yao ya kawaida. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya mvua. Fundi anayepita mikono mitupu mwezi wa Januari ataandika "njia nzuri".

Beba futi ya mita 30, kamba, pima maji, simu ya kupiga picha na daftari. Andika kila penye utelezi, mteremko, maji yanayokatisha njia, daraja bila mkono, na kichaka kinachoficha mtu. Mahali ambapo wasichana husumbuliwa paandikwe kwa alama ya njia tu, bila jina la msumbuaji wala msumbuliwaji. Kesi yenyewe inapelekwa kwa mratibu na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, haijadiliwi katika kikao cha barabara.

5. Kabla ya njia, tazama kama safari inaweza kuondolewa

Hapa ndipo fedha ndogo hufanya kazi kubwa, na hapa ndipo wapangaji wa barabara hawaangalii kwa sababu si kazi ya idara yao.

Chukua mwani. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Mwanamke anayepandisha mwani mbichi hadi uani kwake anabeba maji ya bahari mlimani. Chanja za kuanikia zikijengwa pwani, juu ya alama ya maji makuu, pamoja na kibanda cha kufungia, mzigo wa njia ile unashuka hadi kati ya sehemu ya saba na ya kumi, na karibu safari zote za mzigo zinahamia siku ya kuuza, ambapo gari moja inatosha. Chanja iwe na urefu wa kiuno, upana usiozidi mita 1.5 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, na nguzo za mkandaa (aina ya mkoko) au mti mwingine usioliwa upesi na mchwa. Mkandaa ukatwe kwa kibali. Kinachoharibu mradi huu ni wizi usiku: bila kibanda chenye kufuli na zamu ya ulinzi, kila mtu atarudisha mwani wake nyumbani ndani ya wiki mbili, na atakuwa na haki.

Vivyo hivyo bomba la maji lililosogezwa mita 500, au mashine ya kusaga iliyofungwa kitongojini, ni mradi wa usafiri hata kama karatasi yake inakwenda wizara nyengine. Andika katika mpango wa usafiri, na nakala ipelekwe inakohusika.

Safari zinazobaki zigawe katika njia na vyombo.

6. Njia ya miguu inayobeba mzigo

Upana uwe mita 1.5, wawili wenye mizigo ya kichwa wapishane bila mmoja kuingia mtaroni. Ikiwa gari ya ng'ombe itapita, mita 2.5. Katikati pawe juu kuliko kando kwa sentimita 5 kwa njia ya mita 1.5, ili maji yaanguke pembeni. Njia bapa katika udongo mwekundu ni tope baada ya mvua mbili.

Kifusi kilichoshindiliwa kiwe na unene wa sentimita 10. Kwa mita 100 hiyo ni mita za ujazo 15. Ukiongeza ya kushindilia, agiza 20. Kwa lori la mita za ujazo 5 ni safari nne. Kishindiliwe kikiwa na unyevu, tabaka kwa tabaka. Kikiwekwa kikavu kinatawanyika na kubaki kokoto zinazoviringika chini ya kandambili.

Penye mteremko mkali, mchirizi wa kukatisha maji uwekwe kila mita 15 hadi 20, ukilala kwa mshazari na kumwaga upande wa chini. Hili likiachwa, masika moja hugeuza njia kuwa mfereji. Penye mlima wa kupandwa kwa ngazi, kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 15 na nafasi ya kukanyaga ya sentimita 40, kwa sababu mwenye mzigo wa kichwa haoni miguu yake na buibui hukanyagika. Kila ngazi kumi pawe na uwanja wa kupumzikia. Kando ya ngazi acha ukanda laini wa sentimita 50 wa kusukumia baiskeli; ukisahauliwa, vijana watatengeneza wao wenyewe kwa kubomoa kingo.

Majukwaa ya kutulia mzigo hayagharimu kitu kulinganisha na faida yake: ukuta wa jiwe wenye kimo cha kifua hadi bega, kila mita 300 au 400 katika njia ya maji na ya mwani. Mwanamke hutua na kujitwika bila msaidizi. Kimo kipimwe kwa wanawake wenyewe, wafupi wakitangulia, si kwa fundi.

Kalvati iwe ya kipenyo cha sentimita 60. Ya sentimita 45 ni rahisi kununua lakini huziba majani ya mgomba na makuti, na haifikiki kwa ndani kusafishwa. Daraja la miguu liwe na upana wa mita 1.2 na mikono ya mita 1 pande zote mbili.

Zege ya kawaida ni 1:2:4. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50: ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20, na maji lita 25 hadi 28 yasiyo ya chumvi. Mita ya ujazo moja hula mifuko 6 hadi 7. Mchanga wa pwani usitumike penye nondo: chumvi huila nondo, nayo ikivimba hupasua zege. Ni jambo linalojulikana na kila fundi, na linalofanywa bado kwa sababu mchanga ule uko karibu. Zege ilowekwe siku saba, kazi ambayo lazima ipewe mtu kwa jina.

7. Vyombo

Gari ya ng'ombe ikikodishwa na kikundi cha wanawake ni tofauti na ikimilikiwa nacho. Mwenye ng'ombe, ambaye mara nyingi ni mwanamume, huipeleka kwanza kwenye karafuu na matofali, kwa kuwa huko kuna malipo ya papo hapo. Kama kikundi hakiwezi kununua ng'ombe, kinunue gari yenyewe na kuingia mkataba wa siku maalumu za bamvu, nauli ikitajwa kwa polo.

Kwa daladala, kamati haina mamlaka ya kuamuru, ila ina takwimu. Wapelekee madereva idadi ya abiria waliokosa gari kwa saa: wauza samaki alfajiri, siku za kliniki, wanafunzi wa mkondo wa mchana. Dereva akiona abiria 20 wa uhakika saa 12 asubuhi, mazungumzo huwa mafupi. Mkubaliane mambo manne yaliyoandikwa: saa ya gari ya kwanza na ya mwisho, nauli ya mzigo, wanafunzi kutoachwa kituoni, na kipandio. Gari za mbao zenye mlango wa nyuma huwa juu sana. Kipandio cha kwanza kisizidi sentimita 40 kutoka ardhini, na pawe na chuma cha kushika upande wa kulia na kushoto. Hilo ni kazi ya mchomeleaji ya nusu siku.

Bodaboda zikubaliwe kwa masharti. Kinga ya mnyororo na ya tairi la nyuma ni lazima, maana buibui na mtandio huvutwa ndani. Wanawake wengi hawapandi na kijana wasiyemjua. Orodha ya waendeshaji wanaotambuliwa na shehia, yenye picha kwenye mbao ya matangazo, hupunguza hofu hiyo.

Uzazi wa usiku upangwe peke yake. Kila kitongoji kiwe na madereva watatu waliokubali kuamshwa, si mmoja. Nauli iliyokubaliwa mapema. Mfuko wa dharura unaoshikwa na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Na machela mahali panapofunguka usiku, si ofisi ya sheha iliyofungwa. Ruhusa ya kuondoka isingoje mume aliye dago (kambi ya uvuvi mbali na nyumbani): familia iamue wakati wa ujauzito nani ataamua. Kwa visiwa kama Kojani, Fundo na Kisiwa Panza, mpango uwe na saa za maji. Maji yakikauka, chombo hakifiki diko (mahali pa kuegeshea vyombo) na mgonjwa hubebwa kwenye tope, kwa hiyo watu wa machela wanahitajika wanne kila upande wa kivuko, na mjamzito anayekaribia siku zake ni bora avuke mapema.

8. Ajira ya ujenzi

Tangazo la kazi lisibandikwe skani (baraza za wanaume) na msikitini peke yake. Lipelekwe kisimani, kliniki na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Kazi ipimwe kwa kipande, yaani mita za mtaro au za ujazo, ili anayemaliza mapema aende. Kipande kipangwe baada ya kujaribu siku moja kwa wanaume na wanawake, na malipo ya kipande yawe yale yale. Kila anayefanya kazi alipwe mkononi mwake au kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Kosa la mara kwa mara ni jina la mwanamke kuandikwa ili kutimiza idadi, kisha mdogo wake wa kiume akafanya kazi na kuchukua fedha. Hesabu za mradi zitasema nusu ni wanawake, na njia itasema vingine. Kosa la pili ni kuwapa wanawake wote kuteka maji. Wagawiwe pia upimaji, usimamizi wa kikosi na utunzaji wa vifaa, na matoroli yawepo badala ya karai la kichwani. Kivuli cha watoto, mlezi mmoja anayelipwa na choo viingie kwenye makisio tangu mwanzo. Vikiachwa kuwa hisani havitokei.

9. Karatasi ya maombi

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi Mei na Juni. Ukipeleka maombi Aprili umechelewa. Yawe kwa diwani na halmashauri kufikia Novemba. Kwanza ulizia kila njia ni ya nani, maana barabara kuu na njia za ndani hazina msimamizi mmoja, na ombi lililopelekwa pasipo pake hukaa mezani. Karatasi isizidi kurasa tatu: jedwali la mizigo miwili, ramani ya mkono yenye njia tano, makisio, na mgawo wa matengenezo. Chini ya kila mradi andika ni safari ngapi za wanawake na ngapi za wanaume zinazoguswa. Mstari huo ndio utakaozuia mtu kubadili kivuko kuwa kilomita ya barabara ya kwenda kwa jamaa zake.

10. Matengenezo

Mitaro isafishwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Kila kipande cha mita 200 kiwe na jina la mtu anayelipwa. Bure haidumu, na kazi ya bure huishia kwa wanawake. Tenga pia spana, viraka na mpira wa akiba wa gari ya ng'ombe. Chombo hulala miezi kwa tundu moja la msumari.

Baada ya mwaka rudia daftari katika kaya zilezile, siku ya bamvu na siku ya maji mafu. Linganisha dakika na mzigo wa kichwa, kisha angalia majibu ya swali la safari zilizoachwa. Dakika zikipungua lakini safari zilizoachwa zikabaki palepale, kizuizi hakikuwa njia: tafuta katika nauli, saa za gari, au usalama.